Kisanduku Nilichokiacha Chini

Arlette,

Sitakuandikia habari za sweta wala za kuchemsha maji. Shangazi yako wa Gitega ameizoea baridi ile tangu hujazaliwa, atakufundisha, na asipokufundisha utatetemeka siku mbili kisha utajua mwenyewe. Nina jambo jingine, na ninaliandika sasa hivi, jioni ingali na mwanga, wewe ukiwa Nyakabiga kuwaaga wenzako. Nimekaa kizingitini, sanduku la spana nimeliweka magotini ndilo meza yangu, kwa hiyo ukiona mwandiko umeyumba usiseme mama amezeeka.

Jumapili tulipokuwa tunaosha vikombe uani uliniambia neno moja, kisha ukaingia ndani. Ulisema, “Mama, nikifika Gitega nitaomba waniweke kwenye kontwari. Mi sina macho ya picha.” Watu wa atelye ya huko, karakana iliyokuajiri, wamekuchagua uende na kikosi cha kufunga anteni kwenye mashule na zahanati za milimani, na wewe unataka kukaa nyuma ya meza, uuze dekoda na kupokea simu. Kontwari si aibu, wapo watu wanaoipenda. Wewe huipendi. Unaikimbilia kwa sababu ya uongo, na uongo wenyewe ni wangu. Usipoujua kabla ya gari ya kesho, nitakuwa nimekuibia macho yako mimi niliyekuzaa.

Kwanza nikuambie yale ambayo sitaomba radhi, usije ukadhani nimelainika.

Sitaomba radhi kwa kupanda mapaa. Baba yako, Mungu ampumzishe, alikuwa fundi wa redio na televizheni aliyejua kila kitu isipokuwa kusimama juu ya kiti. Kizunguzungu kilimshika tangu utotoni. Kazi za anteni alizikataa zote, nazo ndizo zilizokuwa nyingi. Kulikuwa na mzee mmoja wa hapa Mutakura aliyekuja siku tatu mfululizo kumbembeleza, na siku ya tatu nikachoka kusikiliza. Nikavaa suruali ya baba yako, nikafunga kitenge juu yake kwa ajili ya macho ya majirani, nikapanda ngazi. Huko juu upepo ukawa unakivuta kile kitenge, nikakivua nikakifunga kwenye bomba la anteni. Mtaa mzima ulitoka nje kuangalia. Baba yako alikaa ndani mbele ya televizheni akawa ananiita kupitia dirisha: “Bado. Bado. Geuza kidogo. Umepitisha. Rudisha. Bado.”

Unajua watu wa mji huu wanavyofunga anteni. Mume yuko juu ya mabati, mke yuko mbele ya skrini, na mtu wa tatu anasimama mlangoni kupitisha maneno. Jua linachoma. Mke anamhurumia mumewe, anasema “Hapo! Hapo, shuka,” na picha yenyewe bado ina mikwaruzo. Mume anakaza, anashuka, anakunywa maji, na kesho yake wanaanza kulaumu mvua. Nusu ya anteni za Nyakabiga zimefungwa kwa huruma, nakuapia.

Baba yako hakuwa na huruma ya namna hiyo. Mabati yaliniunguza viganja naye akisema bado. Tulikuwa na sheria yetu nyumbani, unaijua: aliye juu ana mikono, aliye chini ana macho. Aliye juu habishani. Siku ile ya kwanza nilimchukia mpaka nikamtukana kwa Kirundi ili mzee mwenye nyumba, ambaye alikuwa Mkongomani mgeni hapa mtaani, asielewe. Lakini aliposema “Hapo,” nilikaza, nikashuka, na picha ile ilikaa mpaka mzee alipohama. Tangu siku hiyo neno la mume wangu nililiamini kuliko la daktari.

Wala sitaomba radhi kwa ajili ya kwaya. Ulikuwa mdogo, lakini habari umeisikia. Mama wawili walikuja hapa na Biblia kwenye pochi kuniambia kwamba suruali na ngazi haviendi na sauti ya pili. Nikawauliza kama sauti yangu imebadilika. Wakasema apana, sauti ni ileile, ila ushuhuda umeharibika. Basi wakanitoa. Jumapili iliyofuata, Mungu anisamehe tu, nilikubali kazi kwenye nyumba inayopakana na kanisa, na walipoanza wimbo niliokuwa naujua, nikaimba sehemu yangu nikiwa juu ya paa na spana mkononi. Nilisikia wakishikilia sauti ya pili kwa shida mle ndani, nikawasaidia mpaka mwisho. Baba yako alicheka hadi akasahau kuangalia skrini, ikabidi turudie upya. Miezi miwili baadaye walinirudisha kwenye kwaya, wakanipanga safu ya nyuma, na nyuma ndiko ninakoimba mpaka leo.

Hayo nayaweka kando. Nikitakiwa kuyafanya tena kesho, nitayafanya, na kitenge nitakiacha nyumbani.

Sasa nije kwako.

Baba yako alipofariki ulikuwa na miaka kumi. Kazi ya kwanza baada ya matanga ilikuwa hapahapa mtaani, nami nilikuwa nimemwomba mwenye nyumba aniangalizie skrini. Ulimpita, ukakaa mahali baba yako alipokuwa akikaa, ukasema, “Mi najua.” Nilipanda nikiwa na hasira na wewe. Kisha nikasikia dirishani ile sauti nyembamba ikisema, “Bado. Umepitisha. Rudisha,” pole pole, bila haraka wala huruma, vilevile kabisa. Nililia kule juu, Arlette. Hukujua, kwa sababu nilikausha uso kabla ya kushuka. Kwa miaka mitatu sikufunga anteni hata moja bila neno lako, na hakuna mteja aliyetuita turudi kurekebisha.

Kisha ikaja ile siku ya Jabe.

Unaikumbuka kuliko mimi, lakini wewe uliiona ukiwa chini na mimi niliiona kutoka mahali pengine. Kabare ya baba Pacifique, ile baa yake ya kule, ilikuwa imefunikwa na etaje mpya, ghorofa iliyojengwa mbele yake, picha ikawa inakuja na kuondoka. Alinunua ampli ili fainali ya jioni ile iangaliwe kwake. Ampli ile ilikuwa vitu viwili kwenye boksi moja: kisanduku cheupe kinachotosha kwenye kiganja, ambacho hufungwa juu kabisa, kwenye bomba, chini kidogo ya anteni; na kingine cha umeme kinachokaa ndani karibu na televizheni na kupeleka umeme juu kwa kebo ileile inayoshusha picha. Wewe hilo ulilijua. Baba yako alilisema kila mara: ampli haitengenezi picha, inakuza tu kile kinachoifikia. Ukiiweka juu, inaipokea picha ikiwa safi. Ukiiweka chini, picha imeshashuka mita ishirini za kebo, imechoka, imechanganyika na takataka za mtaa mzima, nayo ampli inavikuza vyote pamoja.

Tonton Deo alikuwa amekaa kwenye benchi lake karibu na friji. Shemeji yangu yule hajawahi kunisamehe kwamba ndugu yake alikaa chini na mimi nikapanda. Nilipoegemeza ngazi alisema, watu wote wakisikia, “Leo tutaona. Fundi wa kweli anapanda paa mara moja. Mutu akipanda mara mbili, ni kwamba hajui kazi.” Watu wakacheka. Nami nikajisemea moyoni kwamba nitapanda mara moja.

Nilipanda. Nikainua bomba, nikageuza anteni mpaka ikapenya pembeni mwa ile etaje, wewe ukiniongoza. Uliposema hapo, nikakaza. Nikashuka. Watu wakapiga makofi kidogo, Deo akaangalia chupa yake. Nikafungua mkoba nitoe kile cha umeme, na ndani ya mkoba nikakiona kisanduku cheupe. Nilikuwa nimekisahau. Kilitakiwa kiwe juu, nacho kilikuwa mkononi mwangu, chini, na ngazi ilikuwa bado imeegemea ukuta hatua tano kutoka nilipokuwa.

Nilimtazama Deo. Sasa unajua nilichofanya. Nikageuza mgongo, nikaviunga vyote viwili nyuma ya televizheni kwa kipande cha kebo kifupi kama mkono, nikawasha.

Ulikuwa unaangalia ile mistari miwili ya dekoda, mmoja wa nguvu, mwingine wa kalite, yaani usafi wa picha. Ukasema, “Mama, ya nguvu imepanda sana. Ya kalite imebaki palepale.”

Nikasema, “Nguvu ikipanda inatosha.”

“Lakini Mama, kalite ndiyo…”

“Nyamaza.”

Ukanyamaza. Ulikuwa na miaka kumi na mitatu na ulikuwa umesoma kila kitu kwenye skrini ile, hata kosa langu, na nilikufunga mdomo kwa sababu ya mzee mmoja na benchi lake. Nataka ulielewe hili vizuri: sikukosa kwa kutojua. Mtu asiyejua hufundishwa. Mimi nilijua.

Mengine uliyaona. Picha ilikaa alasiri yote kwa sababu mtaa ulikuwa umetulia. Jioni kabare ilipojaa, mashine za umeme zikiwaka kila upande, ikaanza kuganda. Mchezaji akabaki na mguu hewani, kichwa kimekatikakatika vipande vya mraba. Halafu tukasikia nyumba ya nyuma wakipiga kelele za goli, na sisi bado tunautazama ule mguu. Watu arobaini waligeuka kuniangalia. Baba Pacifique akaniuliza, tena kwa upole, “Mama Arlette, ni nini tena?”

Nikasema, “Ni huyu mutoto. Ndiye alikuwa anaangalia. Alisema hapo.”

Hukulia. Uliuchukua mkoba wa vyombo ukaubeba mpaka nyumbani ukitembea mbele yangu, na mimi nikitazama mgongo wako njia nzima kutoka Jabe mpaka Mutakura nikingoja ugeuke uniulize kwa nini. Hukugeuka.

Kesho yake asubuhi, ulipokwenda shule, nilirudi peke yangu. Kabare ilikuwa imefungwa, baba Pacifique alinifungulia akiwa na usingizi. Nikapanda, nikakifunga kisanduku mahali pake, nikaunga kebo, nikashuka. Mstari wa kalite ukajaa. Picha ikasimama, na inasimama mpaka leo. Akaniuliza kulikuwa na nini. Nikasema kebo ilikuwa na tatizo. Akasema, “Na mutoto hakuona?” Nikacheka naye. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko mengine yote, kwa sababu hapo hapakuwa na Deo, hapakuwa na watu, palikuwa na mtu mmoja mwenye usingizi ambaye ningemwambia ukweli na angerudi kulala.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekwenda miaka sita.

Tangu siku ile hujawahi tena kuniambia “Hapo.” Umeendelea kufuatana nami, umefunga fishi, vile vichwa vya kebo, vizuri kuliko mimi, umejifunza dekoda za kila aina. Lakini nikiwa juu nikikuuliza, “Je, hapo?” unanijibu, “Njoo uangalie mwenyewe.” Miaka sita nimekuwa nashuka ngazi, naingia ndani, naangalia, narudi juu. Paa moja mara nne, mara tano. Wateja wanadhani ndiyo ufundi wenyewe. Nilijua ni adhabu, na nilijua ni ya haki, na kila niliposhuka nilijiambia leo nitasema. Sikusema. Tena baba Pacifique akikuona njiani alikuwa anakutania, “We ndiye ulitunyima fainali,” nawe unatabasamu, nami nimesimama hapohapo nimeshika ngazi.

Nilidhani ni adhabu yangu tu. Sikujua wewe mwenyewe ulikuwa umeuamini ule uongo. Nilidhani unajua ulikuwa sahihi na umenikasirikia. Kumbe mtoto akiambiwa na mama yake mbele ya watu kwamba hakuona, anaanza kujiuliza kama aliona kweli. Mpaka Jumapili, Deo alipokaa kwenye kiti changu, akanywa chai yangu, akasema, “Huyu hakujua hata kusema picha iko ao haiko, leo anaenda kufungia watu anteni Gitega? Muache akae, tumutafutie kazi ya heshima.” Uliinamisha kichwa. Nami nikamwaga chai kwenye sahani, nikajifanya naipangusa. Mpaka nilipomaliza kupangusa, mazungumzo yalikuwa yameshahamia kwenye nauli ya gari, na dakika kumi baadaye uani ukaniambia kwamba huna macho ya picha.

Mwanangu, mficha uchi hazai. Nimeficha vya kutosha.

Leo mchana nimekwenda Jabe. Nilikuambia nakwenda kununua tepu, na tepu nimenunua, huo si uongo. Deo alikuwa kwenye benchi lake. Palikuwa na watu kama kumi hivi. Nikasimama chini ya ile televizheni, nikasema:

“Baba Pacifique, ile siku ya fainali, mutoto wangu hakukosa. Aliona, akaniambia, nikamunyamazisha. Mimi ndiye niliacha ampli chini. Niliona haya kupanda mara ya pili.”

Alikuwa anafuta meza. Akaacha kufuta. “Kwa hiyo mi namucheka huyo mutoto miaka yote hii bure?”

“Bure kabisa.”

“Mama Arlette, apana. Hii si vizuri.”

“Si vizuri. Ndiyo sababu nimekuja.”

Akakunja kitambaa chake, akasema, “Usimwambie kitu kwa ajili yangu. Mi mwenyewe nitamwambia.” Basi akija kesho pale parking ya magari ya Gitega, usishangae. Ni mtu mwema, nilimdanganya tu.

Deo hakungoja. “Si nilisema? Nilisema toka zamani, mwanamuke na paa…”

Nikamwambia, “Shemeji, sikukosa kwa sababu ni mwanamuke. Nilikosa kwa sababu nilikuogopa wewe. Mwanamuke nitabaki. Kukuogopa kumeisha leo.”

Hakuna aliyecheka. Mtu mmoja pembeni alisema “ego,” ndiyo, kwa sauti ndogo, basi. Deo akasema nimekosa adabu, na labda ni kweli, yeye ni ndugu wa marehemu na nilimjibu mbele ya vijana wake. Atakuja Jumapili ijayo, nitampikia, nitampa kiti. Neno langu silirudishi.

Nilidhani nikitoka pale nitajisikia mwepesi. Sikujisikia mwepesi. Nilijisikia mjinga kwamba kitu kilichochukua dakika mbili nilikibeba miaka sita, tena nikakubebesha na wewe. Naomba unisamehe, Arlette. Si kwa paa, si kwa suruali, si kwa kukufanya usome kwa taa ya mteja tukingoja mvua ikatike. Nisamehe kwa kusema hukuona, na ulikuwa umeona. Kama huwezi kunisamehe kesho, nenda na hasira yako, utafika nayo salama. Lakini usiende na ile shaka. Hiyo si yako, nirudishie mimi mwenyewe.

Huko Gitega utakuta milima, na milima imekosa adabu kuliko etaje. Kuna mahali picha itakuja kutoka upande usioutarajia, kwa kugonga kilima cha mbele na kurudi, na vitabu vyao vitakuambia geuza huku nawe utaona ni kule. Utawaambia. Kutakuwa na mwanaume mwenye miaka mingi ya kazi atakayekuambia nyamaza, nguvu ikipanda inatosha. Unaijua sauti hiyo, ilikuwa yangu. Mara ile ulinyamaza kwa sababu nilikuwa mama yako. Yeye si mama yako.

Na siku utakayoshuka ngazi ukakuta kisanduku kimebaki mkobani, maana kitabaki tu, wewe ni mtoto wangu na kusahau umerithi, panda tena. Watu watacheka. Kicheko cha watu kinachukua muda wa kupanda ngazi, ukifika juu hukisikii tena kwa sababu ya upepo. Mimi hilo nimelijua nikiwa na nywele nyeupe, wewe lijue sasa.

Kuhusu kontwari, sikukatazi. Nikikukataza nitakuwa Deo mwenye kitenge. Ukikaa kule wiki mbili ukaipenda kazi ya kuuza, uza, na Mungu akubariki. Ninachokataa ni ukae pale kwa sababu ya neno nililolisema kwenye kabare nikiwa na haya. Sitaki neno lile liishi kuliko mimi.

Sasa kuna jambo moja nakuomba, na barua hii nitaiweka juu ya sanduku lako la nguo ili uisome ukirudi, kabla hatujaonana asubuhi.

Nimerudi kutoka Jabe nikapanda juu ya paa letu hapa nyumbani. Nimelegeza nati zote za anteni. Nimeigeuza ikaangalia ukuta wa jirani. Ampli iko juu mahali pake, kebo ni nzima, hakuna kilichoharibika, ila ukiwasha televizheni sasa hivi utaona maandishi tu. Nimeifanya makusudi, usihangaike kuirekebisha.

Gari yako ni saa mbili. Kesho saa kumi na mbili na nusu nitakuwa juu. Wewe washa, kaa mahali pa baba yako, angalia ile mistari miwili. Nitageuza pole pole. Ukisema bado, nitaendelea, hata kama jua litaanza kuchoma, hata kama gari inangoja. Usinionee huruma. Na nikikuuliza, usinijibu nije niangalie mwenyewe, kwa sababu safari hii siji. Pale utakaposema hapo, nitakaza nati zote nne, na sitashuka kuangalia. Nitashuka moja kwa moja mpaka barabarani kukusindikiza, na picha utakayoniachia ndiyo nitakayoangalia mpaka siku utakaporudi.

Spana iko mfukoni tayari. Mimi nina mikono tu.

Mama yako